Maji Kwenye Taa ya Kobe

Jumatatu, 2 Machi

Leo Kobe ametolewa moyo. Saa nne asubuhi Kaka na Cheche waliinua injini ya zamani kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya gereji, ikabaki inaning'inia, inazunguka polepole kama mtu anayemtafuta aliyemwita. Ikadondosha maji. Maji yenyewe yalikuwa na mchanga, kwa hiyo ni ya mto, na kwa hiyo ni ya mwaka jana. Cheche, mchomeleaji wetu, mzee mwenye maneno mengi kuliko vyuma, akakinga kiganja, akatazama, akasema, "Hii si injini. Hii ni mtungi."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Naandika kwa sababu nimeona msimu huu utakuwa na wasimulizi wengi na mwenye kumbukumbu hayupo. Kobe ni gari la Baba, fowili la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne, refu, la viti saba, lililopewa jina hilo kwa mwendo wake. Mei mwaka jana Baba alikuwa anavuka mto kwenye kivuko cha zege, maji yakiwa juu, Kobe akazima katikati. Baba tulimpata baada ya siku mbili. Kobe tulimpata baada ya wiki, amekwama kwenye mawe huko chini, milango yote imefungwa. Baba hakuwahi kuacha mlango wa gari wazi maishani mwake.

Kaka ndiye aliyemfanyia Kobe sevisi wiki ile. Watu walisema yao. Mama hakusema kitu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Tangu mazishi hajamwita Kaka kwa jina wala kwa "mwanangu". Anamwita "huyo". "Huyo amekula?" "Mwambie huyo mlango unalia."

Sasa huyo ameapa. Anasema injini ilikuwa ndogo, basi. Ataweka kubwa, na mto ukijaa kama ulivyojaa siku ile, atavuka palepale, watu wakiona. Mama amejibu, bila kumtazama, kwamba akiingia kwenye maji yale yeye hana tena mtoto wa kiume.

Mimi, binti yake, ni fundi umeme wa gereji. Sikusoma popote, nimefundishwa na shoti.

Jumatano, 4 Machi

Injini mpya imefika. Silinda sita, na tabo juu, ile feni inayoisukumia hewa. Imetoka kwenye lori la mawe lililokatwa vipande. Kaka ameipima kwa utepe mara tatu na kila mara ni ndefu.

"Kobe ataota pua," Cheche akasema.

"Rejeta itasogea mbele, giaboksi itarudi nyuma, shafti ya propela tutaikata," Kaka akasema. "Chuma hakishindi mtu."

"Mtu gani? Mwenye moto ni mimi."

Nikauliza waya zangu zipite wapi.

"Taa na honi tu, mdogo wangu."

"Na pampu ya dizeli?"

"Pampu hii haitaki umeme. Ukishaiwasha imewaka. Kuizima unavuta kamba."

"Kwa hiyo mwaka huu mimi ni wa honi."

"Na chai."

Cheche alicheka mpaka miwani ikaanguka. Chai yao leo nimeitia chumvi. Kaka kanywa yote, hakuona tofauti. Hapo ndipo nilipojua kichwa chake hakipo gerejini.

Ijumaa, 6 Machi

Taa ya mbele ya kulia ina maji ndani ya kioo, kama robo. Nimeyamwaga, nimekausha kwa kitambaa, nimeweka raba mpya.

Jumamosi, 7 Machi

Yamerudi.

Jumanne, 10 Machi

Hapa kwetu bado kukavu, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Lakini milimani mvua imeanza, maana mto umepanda. Kivukoni kuna nguzo ya zege yenye mistari myekundu ya kupimia kina, na mimi hupita hapo kila siku, nyumba yetu iko juu ya ukingo. Asubuhi maji yalikuwa mstari wa pili. Mwaka jana mstari uliomchukua Baba ulikuwa wa sita. Ndio anaousubiri Kaka.

Nimechora mistari sita kwenye kioo cha taa kwa kalamu ya wino, kutoka chini hadi juu. Mchezo tu.

Alhamisi, 12 Machi

Mtoni, mstari wa tatu. Kwenye taa, mstari wa tatu.

Jumapili, 15 Machi

Mto umeshuka hadi wa pili. Nimekwenda gerejini siku ya mapumziko kutazama taa tu. Wa pili.

Sijamwambia mtu. Fundi umeme akishaanza kusema taa inapima mto, kesho hapewi hata balbu.

Jumatatu, 16 Machi

Kobe amesogea. Hana injini, hana giaboksi, ana tairi nne na uzito. Ijumaa magurudumu yake ya mbele yalikuwa kwenye ufa wa sakafu, leo yameupita kwa shubiri moja, na mawe tuliyowekea kama vigingi yako nyuma yake, yamekaa vizuri, kama viatu mlangoni.

"Sakafu inateremka," Kaka akasema.

Cheche akachukua nati ya duara, akaiweka sakafuni. Ikabiringika kuelekea ukuta wa nyuma. Kobe alikuwa amesogea upande wa geti.

"Inateremka, ndiyo," Cheche akasema. "Kwa kupanda."

Kaka akamwambia arudishe nati mahali pake.

Ijumaa, 20 Machi

Wamekata mauntingi za zamani, vile vishikizo vya injini, na kuchomelea mpya. Moshi, kelele, matusi ya kawaida. Siku njema.

Jumanne, 24 Machi

Mvua imefika mjini. Paa la bati linapiga kelele hata mteja anakueleza shida yake kwa mikono.

Baba alikuwa na sheria moja ambayo wateja walitucheka nayo. Kila mtu akiunga kitu, awe ameunga waya, bomba au kamba ya klachi, anakizungushia uzi wa rangi yake. Wa Baba mweusi, wa Kaka mwekundu, wangu wa manjano. Kitu kikiharibika, hatugombani. Tunatazama uzi, mwenye uzi anachukua spana. Leo nimefunga waya wa honi, nikazungusha uzi wangu, na Kaka aliyekuwa chini ya gari akaacha kupiga nyundo mpaka nilipomaliza. Nikadhani anapumzika.

Ijumaa, 27 Machi

Vioo vya Kobe vimepata ukungu kwa ndani. Si ajabu, mvua. Lakini magari mengine matatu yamelala chini ya paa hilohilo na vioo vyao ni vikavu. Upande wa dereva ukungu ulikuwa umefutwa, duara dogo, kiasi cha mtu kuchungulia njia.

Nimemuuliza Cheche kama alifuta. Akaniambia, "Mama mdogo, mimi hata miwani yangu sifuti."

Alhamisi, 2 Aprili

Leo injini imewashwa kwa mara ya kwanza, na leo nitaandika kwa kirefu.

Iliwaka mara moja. Haikubembelezwa. Kaka alizungusha ufunguo, silinda sita zikaamka, na sauti ikaingia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kaka akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, anavyosikiliza injini zote, akafumba macho, akatabasamu. Sijaona tabasamu lile kwa mwaka mzima.

Kisha sauti ikaanza kupanda. Hakuna aliyegusa mafuta. Kaka akavuta kamba ya kuzimia, ikaendelea kupanda. Akachomoa ufunguo, akauinua juu ili tuuone, na injini ikawa inalia kama kitu kinachokimbia kuteremka. Moshi mweupe ukajaa gereji. Cheche alikuwa tayari barabarani. Kwa umri wake, mbio zile ni muujiza wa kwanza wa siku.

Sababu naijua. Sili ya tabo, ile pete inayozuia oili, ilikuwa imechoka, oili yake yenyewe ikawa inavutwa ndani, na dizeli haihitaji zaidi ya hapo: inajila. Haizimwi kwa ufunguo, inazimwa kwa kunyimwa pumzi. Nilitafuta ubao, sikuona, nikachukua daftari hili lenye jalada gumu na kulibandika kwenye mdomo wa bomba la hewa. Likavutwa, likashika, injini ikatetemeka, ikagoma, ikafa. Ndiyo maana ukurasa huu una duara jeusi.

Nilitegemea Kaka aogope. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwa moshi.

"Umeona?" akaniambia. "Haizimiki!"

"Nimeona. Ndilo tatizo."

"Tatizo ni linalozima," akasema, na kicheko kikaisha ghafla, kama vile mtu mwingine ndiye aliyekuwa akicheka.

Jumamosi, 4 Aprili

Sili mpya imewekwa. Sasa kamba ikivutwa, inazima. Mto mstari wa nne. Taa, wa nne.

Jumatano, 8 Aprili

Mama amenituma nipeleke shati kavu gerejini. Nikamwambia Kaka ana mashati yake. Akasema, "Sikusema la huyo."

Shati lilikuwa la Baba. Nimeliweka kwenye kiti cha nyuma cha Kobe, maana sikujua pengine pa kuliweka.

Alhamisi, 9 Aprili

Shati limeloa chepechepe. Paa halivuji hapo. Nimepanda juu kuhakikisha.

Jumamosi, 11 Aprili

Nilikuwa natafuta ncha ya drili ya milimita sita. Za Kaka zimo kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza yake, chini ya nati. Kaka alikuwa amekwenda kununua oili. Nikalimwaga kopo mezani.

Chini kabisa palikuwa na kipande cha waya, urefu wa kidole, kimefungwa ndani ya karatasi safi. Mahali pa kuungia pamesokotwa kwa mkono tu, hakuna hata tone la risasi ya kulehemu, na tepu juu yake imeachia, na shaba ndani imekuwa kijani kibichi kama mwani. Juu ya tepu kuna uzi. Wa manjano.

Nimekaa chini. Sijui kwa muda gani, mvua ilianza na ikaisha.

Injini ya zamani ya Kobe ilikuwa na kidude kwenye pampu kinachoishi kwa umeme. Kikipata umeme, dizeli inapita. Umeme ukikatika, hata kwa kupepesa jicho, injini inazima. Waya wake ulipita chini, karibu na chesisi, na mwezi Aprili mwaka jana panya aliukata, nami nikauunga. Siku ile umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika, pasi ya risasi imepoa, Baba ameshakaa kwenye usukani anapiga honi. "Sokota, funga, twende," akasema. Nikasokota, nikafunga. Nikasema nitarudi kuutia risasi.

Sikurudi. Tena sikusahau, hilo ndilo ninaloliandika hapa mara moja tu. Kila nilipomwona Kobe nilikumbuka, na kila siku kulikuwa na gari jingine. Alipokufa nikajiambia Baba mwenyewe lazima aliumalizia, alikuwa mtu wa kumalizia mambo. Nimejiambia hivyo kwa mwaka mzima mpaka nikauona uso wake akiumalizia.

Maji ya mstari wa sita yanapafunika kabisa pale ulipopita waya.

Kumbe Kaka alimfungua Kobe peke yake siku walipomvuta kutoka mtoni. Aliuona uzi. Akakata kipande, akakifunga kwenye karatasi, akatoka nje na kuwaambia watu injini ilikuwa ndogo, na watu wakasema injini haikuwa ndogo, ni yeye hakuitazama vizuri, naye akaliacha neno hilo limwangukie. Mama akawa anamwita "huyo" na yeye akawa anaitika.

Nami mwaka mzima nimemwona mkaidi, mtu wa sifa anayetaka kupigiwa makofi kivukoni.

Nimerudisha nati zote. Ncha ya drili sikuipata.

Jumapili, 12 Aprili

Hakuna.

Jumatatu, 13 Aprili

"Nani kagusa kopo langu?" Kaka kauliza.

"Mimi. Nilitafuta drili."

Cheche alikuwa anapuliza chai yake, akaacha kupuliza.

"Ulipata?"

"Ndiyo."

Kaka akatikisa kichwa taratibu, akalisukuma kopo ndani zaidi kwa mguu. "Drili zangu usiguse," akasema. "Zinakata."

Ijumaa, 17 Aprili

Cheche amechomelea bomba la pumzi, linatoka kwenye injini, linapanda pembeni mwa kioo hadi juu ya paa. Maji yakifika kwenye boneti, Kobe bado ataendelea kuvuta hewa. Hakuna tena waya wowote, popote, unaoweza kumzima. Sasa naelewa nilichokuwa nikikitazama tangu Machi. Si injini kubwa aliyokuwa anaitafuta. Ni injini isiyonihitaji mimi. Anataka avuke, aibuke ng'ambo, na Mama aone kwa macho yake kwamba nguvu ndiyo iliyokosekana, na asiwepo mtu wa kuuliza habari za waya mpaka mwisho wa dunia.

Na maji ya mstari wa sita hayaangalii injini. Yanaweza kumwinua Kobe kama kibiriti, silinda sita zikinguruma.

Alhamisi, 23 Aprili

Nilimkuta Mama jikoni anachambua mchele. Tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Mama."

"Eeh."

"Kuhusu Kaka..."

"Huyo anataka nimzike na yeye. Anaona kaburi moja halitoshi." Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitazama, akaliweka pembeni na mengine. "Ulikuwa unasema?"

Nikasema mchele una mawe mengi siku hizi.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Mstari wa tano. Taa, wa tano. Nimetoa balbu, nimejaza tundu lake gundi, nimeziba kila penye upenyo kwa lami. Nimefanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumanne, 28 Aprili

Tano na nusu. Kote kuwili.

Jumatatu, 4 Mei

Kobe alikuwa getini asubuhi. Pua imegusa bati. Kaka amefungua geti, akamsukuma arudi, wala hakuuliza. Sote tumeacha kuuliza. Cheche anamwamkia akiingia: "Habari za kulala, mzee?" Mwanzoni ulikuwa utani.

Ijumaa, 8 Mei

Mstari wa sita.

Saa tatu asubuhi Kaka alimtoa Kobe gerejini. Watu walikuwa wamejipanga kivukoni kama wanaosubiri bwana harusi. Mama alikuwepo. Sikutegemea. Alisimama juu ya ukingo bila mwavuli, mikono kifuani, na watu wakamwachia nafasi pande zote kama anaunguza.

Kaka akasimamisha gari zege linapoanza kuzama. Akashusha gia kwenye ile nzito, ya kupandia mlima, akavuta kitasa cha mafuta cha mkono kidogo ili injini isilegee. Mimi nikaenda kusimama mbele ya boneti.

"Toka," akasema kupitia dirishani.

"Sitoki."

"Mdogo wangu, toka, watu wanatazama."

"Watazame. Mama!" Nikaita, na sauti yangu ikatoka ya mtoto, nikaona aibu, nikaita tena. "Mama! Haikuwa injini!"

"Nyamaza wewe!" Kaka akapiga honi kunizima. Honi niliyoifunga mwenyewe. Ilikuwa inalia vizuri.

Nilingoja iishe. Kisha nikasema yote, kwa sauti ya kusikika hadi juu ya ukingo: waya, panya, umeme uliokatika, risasi ambayo sikuitia, siku zote nilizokumbuka na kupita. Nikasema uzi ulikuwa wa nani. Hapo wanaojua sheria ya Baba wakaguna.

"Mama, usimsikilize," Kaka akasema, mwili nusu uko nje ya dirisha. "Tangu utotoni huyu akipata homa huota mchana!"

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa muda ambao mto ulipitisha gogo zima mbele yetu, tangu lilipotokea mpaka lilipopotea. "Na huyo alijua?" akauliza.

"Alijua. Tangu siku ya kwanza."

Uso wake haukubadilika. Alikaa chini kwenye tope polepole, kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa kiti. Akanyoosha mkono, si kwangu.

"Mwanangu," akasema. "Shuka."

Mwaka mzima. Kaka alifungua mlango na kuruka, akakimbia kupanda ukingo, akipita kando yangu bila kuniona, akapiga magoti, akaweka kichwa chake kwenye paja la Mama mbele ya mji mzima. Fundi wa miaka ishirini kazini akasahau handibreki. Anaapa gia ilikuwa huru. Mimi nilikuwa nimeshasogea kumfuata, na niliusikia mlango wa dereva nyuma yangu ukifungwa. Upepo haukuwepo.

Kobe akaanza kwenda.

Hakukurupuka. Aliingia majini kwa mwendo wake wa zamani, ule ule tuliomcheka nao, magurudumu yakishika njia ya zege. Maji yakafika mlangoni, yakafika kwenye boneti, yakafunika taa. Bomba la pumzi juu ya paa lilikuwa linavuta hewa, tunalisikia. Cheche alivua kofia.

Katikati, palepale, sauti ikashuka. Ikashuka mpaka nikahesabu mapigo, moja moja. Gari lote likayumba kuelekea kule maji yanakokwenda. Nilimwona Kaka amenyanyua kichwa. Midomo yake ilikuwa inasema, "Usiachie mafuta, usiachie," na hakuwa anasema nami wala Mama.

Kisha sauti ikapanda. Mimi ni fundi, naandika nilichokiona: kitasa cha mkono kinakaa pale kilipowekwa, hakijiongezi. Sauti ilipanda. Kobe akashika, akavuta, pua ikaibuka, taa zikaibuka, akapanda ukingo wa ng'ambo akimwaga maji kila upande, akaenda hatua kumi kwenye tambarare, akasimama.

Injini ikaendelea kunguruma, taratibu, kama gari linalomsubiri mtu. Gari lililo kwenye gia halisimami likaendelea kunguruma. Muulizeni Cheche, mimi nimemuuliza, akaniambia niende nyumbani.

Jumamosi, 9 Mei

Mstari wa saba. Hakuna anayeweza kuvuka. Kobe yuko ng'ambo, bado anawaka, tangi lilikuwa limejaa. Nyumbani tunamsikia vyumba vyote. Vyombo kabatini vinatetemeka kidogo, au nadhani.

Kaka amekuja kuniona kibarazani, nilikolala, maana ndani hakuna aliyenikaribisha wala kunifukuza.

"Kwa nini ulificha?" nikamuuliza.

"Mimi Mama alishanizoea. Tangu utoto navunja vitu." Akakuna kidevu. "Wewe ungevunjika."

"Ungekufa, mjinga wewe."

"Ndiyo," akasema. "Sikuwa nimelipangia sana hilo."

Tukasikiliza injini. Akaniambia silinda ya nne ina mlio. Nikasema sisikii. Akasema basi, haina.

Mama hajasema nami. Anapika, anahesabu sahani, yangu inakuwepo, anaiweka mlangoni. Akinipita, macho yake yanatazama usawa wangu kama ninavyotazama kupitia kioo cha dirisha kuona kilichoko nyuma yake.

Jumapili, 10 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimesimama nje kwenye uwanja, chini ya mvua, kwa sababu kibarazani nilikuwa naziba njia ya Mama kila anapotoka, na nimechoka kuzungukwa.

Saa kumi na dakika ishirini za jioni mlio ukakatika. Sisi wote wa gereji tunajua gari linavyoishiwa dizeli: linakohoa, linanyang'anyana na kifo, linakohoa tena. Hili halikukohoa. Lilizima kama linavyozimwa na mwenye gari aliyefika.

Ukabaki mto na mvua. Kaka akatoka mlangoni, akasimama bila viatu. Nyuma yake akatoka Mama. Akatazama ng'ambo kwa muda mrefu, midomo ikitembea kidogo, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho mpaka kwenye kona.

"Haya," akasema.

Akageuka kuingia. Kaka akampisha. Akafika kizingitini, akasimama, mkono kwenye fremu ya mlango, mgongo bado kwangu.

"Na wewe," akasema, "umeloa. Ingia ndani."